Mashine inasoma sifuri, usukani bado unatetemeka

"Shikamoo fundi. Nina Prado TX ya mwaka 2006. Mwezi uliopita nilibadilisha rimu na matairi kwa pamoja: rimu nyeusi za aloi za inchi 17, na matairi mapya ya tope, 265/70R17. Kazi yangu ni ya visima, natoka Dodoma naenda Chemba, Farkwa hadi Kwa Mtoro, kwa hiyo nayahitaji kweli. Porini gari liko vizuri mno. Shida ni lami. Nikifika 85 usukani unaanza kutetemeka, 95 unatetemeka hadi chai inamwagika kwenye kikombe, nikivuka 110 unapungua. Nimefanya balansi mara mbili kwenye gereji mbili tofauti, kote mashine imesoma sifuri. Alaimenti nayo mara mbili. Fundi mmoja anasema matairi ya tope ndivyo yalivyo, nitazoea. Wa pili anataka nibadilishe shokapu zote nne. Aliyeniuzia anasema nipunguze upepo. Nati ni zile zile za zamani, zilikuwa bado nzuri. Nifanye nini kabla sijatoa hela nyingine?"

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nadhani jibu umeliandika mwenyewe, kwenye ile sentensi ya nati uliyoipitia haraka kama jambo dogo. Nitairudia. Lakini nikikuambia tu "kabadilishe nati", utakwenda kununua nati, na kama kosa liko kwingine utanirudia na hasira. Vumilia kidogo nikueleze kinachotokea chini ya gari, ili hata mimi ukinikuta nimekosea uweze kuendelea kutafuta peke yako.

Kwanza tupunguze huo mzigo wa ushauri. Alaimenti hupanga pembe ambazo magurudumu yanaelekea. Ikikosea, gari huvuta upande, usukani hukaa kombo, tairi hulika ukingo mmoja. Haiwezi kutikisa usukani kwenye 95 kisha ikauacha kwenye 110. Kuipima mara moja baada ya kubadilisha ukubwa wa matairi si vibaya. Ile ya pili, samahani, ulitupa hela.

Shokapu nazo hazizalishi mtetemo; zikichoka huuacha ukue. Jiulize: kwa matairi ya zamani, gari lilikuwa linatulia kwenye 100? Kama ndiyo, shokapu hazikufa zote nne siku ile ile uliyobadilisha matairi. Huenda zimezeeka, gari ni la 2006, lakini si wao walioanza ugomvi huu.

Huyo wa "utazoea" amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayopoteza watu. Matairi ya tope yana mlio. Tuseme tairi lako lina kashata, yaani yale mabonge ya mpira yanayokanyaga chini, kubwa 30 kulizunguka, na kwenye 100 linazunguka mara 11 kwa sekunde: kashata 330 zinapiga lami kila sekunde. Hicho ni kitu cha sikio, mvumo kama wa nyuki, na huo kweli utauzoea au utaongeza sauti ya redio. Mtetemo wa usukani ni kitu kingine. Unakuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, mara 10 au 11 kwa sekunde, na huo ni wa mkono. Mkono ukitetemeka hadi chai ikamwagika, hiyo si tabia ya kashata. Kuna gurudumu ambalo upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, au halikai katikati, au si duara.

Kuhusu upepo, aliyekuuzia anabahatisha, ila angalia kitu kimoja. Matairi mengi ya aina hii yana kuta ngumu za kubebea mzigo, na ubavuni yameandikwa kiwango cha juu kabisa cha upepo, mara nyingine psi 80. Kuna mafundi wanaoona namba hiyo wakajaza 50, kisha wakajiona wamekuhurumia. Namba ya ubavuni ni mwisho wa uwezo wa tairi. Kipimo cha gari lako kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kwa tairi la kuta ngumu huwa naongeza kidogo juu ya hicho cha kibandiko. Kwenye Prado isiyo na mzigo mkubwa huanzia 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Saa nane mchana, baada ya lami ya Kibaigwa, utasoma namba kubwa zaidi, na ukitoa upepo wakati huo kesho yake asubuhi tairi litakuwa chini ya kipimo. Upepo mwingi hulifanya gari lidunde na kila kasoro ya gurudumu isikike zaidi. Kasoro yenyewe upepo hauileti; huikuta tayari ipo.

Sasa tuje kwenye kinachokusumbua: mashine inasema sawa, gari linasema si sawa, nani mwongo?

Hakuna mwongo. Anza na nguvu yenyewe. Gurudumu likiwa na gramu 50 za ziada kwenye ukingo wa rimu ya inchi 17, uzito huo ukizunguka hutaka kuchomoka kwenda nje. Kwenye mwendo wa 50 unavuta kwa nguvu ya kilo moja na kitu, na wewe husikii lolote. Kwenye 100 mwendo umeongezeka mara mbili lakini nguvu imeongezeka mara nne: zaidi ya kilo 5, ikivuta juu, chini, mbele, nyuma, mara 11 kila sekunde. Ndiyo maana mjini gari ni malaika na ukipita Msalato linabadilika.

Na kwa nini linatulia tena baada ya 110, wakati nguvu inazidi? Mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kila anaporudi, msukumo mdogo tu unampeleka juu. Ukisukuma haraka kuliko bembea inavyorudi, unampiga mgongoni bure wala haendi mbali. Gurudumu, mpira wa tairi, bushi na springi kwa pamoja vina mpigo wao wa asili, na kwa magari mengi unaangukia pale pale, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Ukiwa kwenye 95 gurudumu linaisukuma bembea kwa wakati wake. Ukivuka 110 limeupita mpigo huo. Kosa halijaondoka. Baadhi ya madereva "hutibu" mtetemo kwa kukimbia zaidi. Naomba usiwe mmoja wao, maana nguvu ile bado inazichapa beringi na boljointi, na kwa matairi haya makubwa, kwa namba ile ile ya dashibodi, spidi yako halisi iko juu kidogo ya ilivyokuwa. Duara la 265/70R17 ni kubwa kwa zaidi ya asilimia 3 kuliko 265/65R17 ambalo Prado nyingi za aina yako huja nalo. Askari mwenye tochi hatakuuliza ukubwa wa tairi.

Mpaka hapa tumezungumzia uzito tu, na uzito ndio mashine ya balansi inaoupima. Sasa ona mahali inapoachia. Fundi anapoweka gurudumu kwenye mashine, analishika kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati ya rimu. Mashine inazungusha, inakuambia weka gramu kadhaa hapa na pale, anabandika, inasoma sifuri. Sifuri hiyo ni ya kweli kabisa, lakini ni sifuri ya gurudumu linalozungukia tundu lake la katikati.

Kwenye gari sasa. Habu ya Prado yako, yaani kile kitovu cha chuma ambacho rimu hupachikwa juu yake, ina kipenyo cha milimita 106 hivi, na rimu iliyotoka nayo kiwandani ina tundu la kipimo hicho hicho. Unapoipachika inakaa mahali pake kabla hujagusa nati. Rimu za dukani zinazouzwa kwa maneno ya "inaingia gari zote za nati sita" mara nyingi zimetobolewa 110, ili zimfae na mwenye Patrol. Ukiipachika kwako inabaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Tundu la katikati halishiki tena kitu. Anayetakiwa kuipeleka rimu katikati ni nati, na nati za kazi hiyo zina kichwa cha koni kinachoingia kwenye shimo la koni na kujisukuma chenyewe hadi katikati.

Nati zako za zamani, kama Prado yako ilikuja na rimu za aloi za Toyota, si za koni. Zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Zilitengenezwa kwa rimu ambayo tayari imeshikwa na habu, kwa hiyo zenyewe kazi yao ni kubana tu. Ukizifunga kwenye rimu yenye mashimo ya koni zitabana, ndiyo, lakini rimu itabaki pale ilipoangukia wakati fundi anaipachika, na kwa uzito wake wenyewe huangukia chini. Zaidi ya hapo, washa bapa inaigusa koni kwenye ukingo mwembamba tu. Kwa hiyo "zilikuwa bado nzuri" ni kweli, ila ni nzuri kwa rimu nyingine.

Hesabu yake ni hii, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie marefu. Gurudumu lako, tairi na rimu, tuseme lina kilo 36. Likikaa nje ya katikati kwa milimita 1 tu, ni sawa na kubandika kipande cha gramu 165 hivi upande mmoja wa rimu. Nusu milimita ni zaidi ya gramu 80. Fundi wako amehangaika mashine isome sifuri badala ya gramu 5, kisha gurudumu limepachikwa kwenye gari na kosa la gramu 100 likarudi kimya kimya, na tairi limekuwa linapanda na kushuka kidogo kila mzunguko juu ya hilo. Ungerudi gereji ya tatu wangesoma sifuri ya tatu.

Basi kazi ya kwanza: fungua nati moja uiangalie. Ikiwa na washa bapa na rimu mpya ina shimo lenye mteremko wa koni, umempata mkosaji. Nunua seti ya nati za koni zenye uzi wa milimita 12 na hatua ya 1.5, ambao ndio wa gari lako, na hakikisha zinaingia uzi wa kutosha. Hesabu mizunguko kwa mkono kabla hujabana, ikiwa chini ya 7 au 8 sina raha nayo. Usizitupe za zamani. Kama tairi la akiba bado liko kwenye rimu ya kiwandani, litazihitaji siku ya pancha, kwa hiyo zifunge kwenye mfuko uziweke karibu na jeki. Na hilo la akiba, likiwa la ukubwa wa zamani, litembelee taratibu hadi kwa fundi wa kwanza tu: gari lako linavuta magurudumu yote manne muda wote, na tairi moja dogo linaichosha difu.

Namna ya kufunga ina maana kuliko nati zenyewe. Gurudumu liwe hewani. Sugua habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, maana vumbi letu jekundu likichanganyika na kutu linakuwa kama karatasi iliyokunjwa katikati ya vitu viwili. Ingiza nati zote kwa vidole. Mwombe mtu alitikise gurudumu kidogo huku unazikaza kwa msalaba, moja juu, inayofuata ya upande wa pili, nguvu ndogo kwanza, hivyo hivyo raundi mbili. Ndipo lishushe ligusane na ardhi na umalizie. Bunduki ya upepo isiguse kazi hii isipokuwa kufungulia. Kwa rimu za aloi za gari hili kipimo ni kama nyutoni mita 110, na kama rimu imekuja na maelekezo yake, fuata hayo. Huna spana ya kipimo? Chukua spana ya urefu wa sentimita 40 na ukandamize mwisho wake kwa nguvu ya kama kilo 28; si sahihi kama kifaa, lakini ni bora kuliko kupanda juu ya spana kwa miguu miwili. Rimu mpya huwa na rangi ndani ya mashimo ya nati, na rangi hiyo husagika. Kwa hiyo baada ya kilomita 50 hadi 100, rudia kukaza. Hili usiliahirishe hata kama umechoka na safari.

Kuna pete za kuziba ile nafasi ya 106 na 110. Nazipenda. Hazibebi mzigo, kazi yake ni kuiweka rimu katikati wakati unafunga. Za plastiki ni rahisi lakini breki zikipata moto mteremko mrefu zinaweza kulainika. Za alumini zinadumu, ila ukipita tope zinang'ang'ania kwenye habu, zipake grisi nyembamba. Pete peke yake na nati bapa haitoshi. Nati za koni peke yake, zikifungwa kwa utaratibu niliousema, mara nyingi zinatosha.

Ukimaliza hapo, nenda kajaribu barabara ya Kondoa, kati ya Msalato na Mayamaya, lami imenyooka. Nadhani utakuwa umepata nafuu kubwa. Usipoipata, au mtetemo ukipungua nusu tu, tunarudi kwenye gurudumu lenyewe.

Rudi kwenye mashine, lakini safari hii usikae kwenye benchi unaangalia simu. Mashine ikishasoma sifuri, mwombe fundi kwa adabu alegeze gurudumu, alizungushe nusu duara kwenye mhimili bila kuugusa uzito wowote, alifunge tena na kulizungusha. Ikisoma gramu 5 au 10, koni imekaa vizuri. Ikisoma 40, ile sifuri ya kwanza haikuwa na maana. Koni si ya kipimo, au kuna uchafu, au tundu la rimu lina ukingo mbovu. Wengi wakiipenyeza koni kutoka upande wa nyuma wa rimu hupata majibu bora, kwa sababu huko ndiko kulikochongwa kwa usahihi. Nami sisemi haya kama malaika. Niliwahi kumbalansia mteja gurudumu huku punje ya tope lililokauka imebaki kati ya koni na rimu. Akaenda Mtera, akarudi na usukani unaotetemeka na maneno machache ambayo nilistahili.

Mwambie pia aoneshe gramu halisi, maana mashine nyingi zimepangwa kuficha kiasi kidogo na kuandika sifuri. Na gurudumu likidai gramu nyingi mno, tuseme zaidi ya 150 upande mmoja, usikubali abandike mnyororo wa vipande. Avue tairi, alizungushe nusu duara juu ya rimu, alipachike tena. Sehemu nzito ya tairi na sehemu nzito ya rimu huwa zimekutana. Ukizitenganisha zinafutana zenyewe. Tairi jipya mara nyingi lina alama ya kumsaidia: nukta ya njano ni upande mwepesi, huwekwa kwenye valvu, nukta nyekundu ni mahali tairi lilipo juu au gumu zaidi, na huwekwa mahali rimu ilipo chini kama rimu ina alama hiyo. Wengi huzifuta bila kuziangalia.

Na huyo fundi alipopachika, alitumia sabuni kiasi gani? Swali la ajabu, najua. Sabuni ikiwa nyingi na ukatoka hapo ukafunga breki kwa nguvu siku hiyo hiyo, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu. Vipande vya uzito vinabaki kwenye rimu, sehemu nzito ya tairi imehama, balansi imekufa. Chora mstari wa chaki kutoka valvu hadi kwenye tairi. Ukiuona umevunjika baada ya siku mbili, hapo hapo umejua. Tembea taratibu kilomita 100 za kwanza baada ya kupachika.

Kuna pia mduara mwembamba uliochorwa kwenye mpira karibu kabisa na ukingo wa rimu. Uzungushie macho. Uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu pande zote. Ukiwa umezama sehemu moja, tairi halijakaa, na hakuna uzito duniani utakaolitibu. Litolewe upepo, lipakwe sabuni, lijazwe upya bila kuvuka psi 40 wakati wa kulikalisha, na watu wasimame pembeni. Tairi linalokataa kukaa limeshaumiza mafundi.

Kama bado, pima kama ni duara. Gari kwenye sehemu tambarare, mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, breki ya mkono juu, gia huru, inua gurudumu moja la mbele na uweke stendi; usiamini jeki peke yake. Simamisha tofali karibu na tairi, lalaza penseli juu yake ncha ikikaribia kashata, kisha lizungushe taratibu kwa mkono. Nafasi ikifunguka na kujifunga zaidi ya milimita moja na nusu, sogeza penseli kwenye ukingo wa rimu urudie. Rimu ikiwa imetulia na tairi linapanda na kushuka, kosa ni la tairi. Rimu nayo ikicheza, imepinda au haijakaa katikati ya habu. Jaribu lile la nusu duara kwanza. Tairi likikataa, lirudishe kwa muuzaji na risiti mapema, kabla kashata hazijaanza kulika. Tairi lililolika nusu hakuna atakayekusikiliza. Kabla hujarudisha soma namba 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa miaka stoo limebanwa chini ya mengine linaweza kuwa limeshika umbo. Kibonyeo cha kusimama siku chache huisha ukitembea kilomita 15 au 20. Kibonyeo cha miaka hakitoki.

Ila kuna tairi ambalo ni duara kwa penseli, sifuri kwa mashine, na bado linatetemeka. Sehemu moja ya ukuta wake ni ngumu kuliko nyingine, na ugumu huo unaonekana tu likibebeshwa mzigo. Zipo mashine zenye rola inayolikandamiza tairi na kupima hilo. Ukibahatika kupata gereji yenye nayo, lipa bila kulalamika. Usipoipata, njia ya kienyeji ni kuhamisha: peleka magurudumu mawili ya mbele nyuma. Usukani ukitulia na mtetemo ukahamia kwenye kiti, kosa liko kwenye moja ya hayo mawili. Rudisha moja moja hadi ulijue.

Mambo madogo nayapitia haraka. Tope lililokauka ndani ya rimu: ukitoka kwenye udongo mweusi wa mbuga au majaruba ya Bahi, bonge la gramu 200 linajificha nyuma ya spoku, na huo ni uzito mkubwa kuliko wote aliobandika fundi. Osha ndani kwanza kabla ya kulaumu mtu. Tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu, au dawa ya maji ya kuzuia pancha: vyote viwili vinaharibu balansi, dawa hasa, maana hujikusanya chini gari likisimama. Vipande vya kubandika hung'olewa na mawe. Alama ya gundi tupu kwenye rimu inakuambia kimoja kimeanguka. Zile punje za kumwaga ndani ya tairi zijisawazishe zenyewe zinasaidia kwa kiasi kwenye matairi makubwa, lakini haziwezi kuifanya rimu ikae katikati, na kwako naona zingekuwa kufunika kidonda.

Ukifanya yote haya na usukani bado unatetemeka, ndipo nitakubali kuangalia gari lenyewe. Ukitembea 95 kisha ukaweka gia huru, injini ikiendelea kuwaka, na mtetemo ukabaki vilevile, ni magurudumu. Ukiondoka ulipoachia mafuta, tafuta kwenye propela, ule mtaimbo unaozunguka chini ya gari, na krosi zake. Ukija ukikanyaga breki tu, ni diski. Shika gurudumu lililoinuliwa juu na chini ulitikise: likicheza, beringi au boljointi, likicheza kushoto na kulia, tairodi. Matairi mazito huwa yanafichua ulegevu uliokuwepo siku zote.

Na kuna hali ambazo hazisubiri majaribio ya chaki na penseli. Ukisikia mgongano wa chuma kwenye gurudumu, ukakuta nati imelegea au stadi, ile bolti ya habu inayoshika nati, imekatika, ukaona uvimbe ubavuni mwa tairi, habu moja ikawa ya moto kuliko nyingine, au mtetemo ukaongezeka siku hadi siku, simamisha gari hapo ulipo umwite fundi aje. Usilisindikize polepole hadi mjini. Kwako wewe mwenye nati zisizo za rimu hizo, nasema leo kabla ya safari ya Farkwa: zikague zote 24 kwa spana asubuhi, na uzikague tena kila jioni hadi zitakapopatikana za koni.

Ukishazibadilisha, andika kwenye karatasi spidi mtetemo unapoanza, unapokoma, na kama uko mkononi au kwenye kiti, kisha niletee hizo namba pamoja na gari. Kikombe cha chai kiache nyumbani.